Mabango ya kale ya magari kutoka duka la spea la Kirinyaga Road: yapi ni halisi, na je, niyapake rangi upya?

MkaziWaDonholm aliuliza:

Hamjambo nyote. Naomba msaada wa wale wanaokusanya mabango na vifaa vya kale vilivyotumiwa kutangaza magari, tairi, plagi na mafuta ya injini. Mjomba wangu ana duka la spea katika Kirinyaga Road, alilolishika wakati watu wengi bado walikuwa wakiiita barabara hiyo Grogan Road. Jengo limepata mwenyewe mpya na wapangaji wametakiwa kuondoka, naye kwa umri wake hataki kuanza upya kwingine. Amenipa ruhusa ya kuchukua nitakacho stoo kabla hajamwita mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kilichonivutia kwanza ni bango la enameli lenye maneno "Wakefield Castrol Motor Oil" pande zote mbili. Ukingo wake mmoja umekunjwa na kutobolewa matundu ili lipigiliwe ukutani na kutokeza kuelekea barabarani. Enameli imebanduka kwenye matundu hayo na kona moja imepinda. Pia kuna kabati dogo la bati la kuonyeshea plagi za Champion, lenye kioo mbele na rafu zake zote, na sanduku la taa lenye uso wa plastiki ulioandikwa Datsun. Chini ya neno hilo jina la duka limeandikwa kwa brashi, na ukilitazama kwa mshazari unaona kwamba chini ya rangi hiyo kuna jina jingine. Mbali na hayo nimekuta furushi la matangazo ya kadibodi ya kusimamishwa juu ya kaunta, kalenda, na bango la karatasi lenye gari la Safari Rally likipasua tope.

Wakati huohuo mchuuzi mmoja wa soko la Gikomba amenionyesha bango la Shell ambalo anasema ni la enameli ya zamani kama lile la Castrol, na bei yake si ndogo. Ningependa kujua jinsi ya kutofautisha bango halisi na la bandia, na kama kuna njia ya kukisia umri wa vitu hivi. La mwisho ni hili: mwenye mkahawa mmoja yuko tayari kununua vyote, lakini kwa sharti kwamba Castrol na Datsun vipakwe rangi upya ving'ae. Je, nikubali?

FundiWaLusakaRoad alijibu:

Ndugu, kabla ya yote mwombe mzee asimwite mtu wa vyuma mpaka umalize kazi yako stoo, kwa maana bango likishapimwa kwa kilo halirudi.

Ili umtambue mwongo ni lazima kwanza ujue enameli hutengenezwaje. Ni unga wa kioo uliopakwa juu ya bamba la chuma, kisha ukachomwa katika tanuri kwenye joto la nyuzi 750 hadi 850 hivi za Selsiasi, hadi kioo kikayeyuka na kushikamana na chuma. Bamba lilipewa kwanza tabaka la msingi, mara nyingi jeusi au la buluu iliyokoza, mbele na nyuma, kwa sababu upande mmoja ukiachwa wazi chuma hupinda tanurini na baadaye hushika kutu. Baada ya hapo kila rangi ilipakwa peke yake na bamba likarudishwa motoni. Bango la rangi nne, basi, lilipita tanurini mara kadhaa, na alama za safari hizo hubaki juu yake.

Alama hizo ndizo unazozitafuta. Funga macho upitishe ncha ya kidole juu ya ukingo wa herufi. Katika bango lililotengenezwa kwa njia ya zamani utahisi kingo nyembamba pale rangi moja inapopanda juu ya nyingine. Ligeuze utazame mgongo: ukikuta bati tupu au rangi ya kupuliza, una sababu ya kuuliza maswali. Chungulia pia ndani ya matundu ya skrubu. Matundu yalitobolewa kabla ya kuchomwa, kwa hiyo kioo huingia kidogo mpaka kwenye mdomo wa tundu, ilhali tundu lililotobolewa kwa drili baadaye huacha chuma kikiwa wazi na ufa mdogo kuzunguka. Chukua kioo cha kukuzia utazame mahali rangi zinapokutana. Ukiona nukta ndogondogo za rangi mbalimbali zilizopangwa kama kwenye picha ya gazeti, bango hilo limechapishwa kwa mashine ya kisasa, na hapo hakuna haja ya kuendelea kuzungumza na mchuuzi.

Sumaku watu huisifu kupita kiasi. Ikishika, imekuambia tu kwamba kuna chuma chini, na bandia nyingi zimetengenezwa kwa chuma. Wala enameli yenyewe haitoshi kuwa ushahidi, maana India na China bado zina viwanda vinavyochoma enameli ya kweli na kutoa mabango mapya ya majina ya zamani. Mengine huuzwa waziwazi kama mapambo, na hilo si kosa. Tatizo ni yule anayelinunua, akaligonga kwa nyundo, akalizika kwenye udongo wenye chumvi, kisha akakuambia lilitoka kituo cha petroli cha Naivasha.

Kwa sababu hiyo mimi huanza na majeraha. Bango lililotundikwa miaka mingi hubanduka kwenye skrubu, kwenye kona, na mahali watoto walipolilenga mawe. Ndani ya jeraha la kale kutu ni ya kahawia iliyokoza, ngumu, na mipaka ya kioo imelainika kidogo kwa mvua na vumbi. Jeraha la juzi lina kingo kali na kutu ya rangi ya chungwa inayochafua kidole. Mtu anayelitengeneza kwa makusudi hushindwa kujizuia kulipendezesha: hugonga pande zote kwa usawa, ila hapo katikati, penye jina, hupaacha salama kabisa.

Kuna dalili ndogo pia. Mabango mengi yaliyofika huku yalitoka Uingereza, na vipimo vyake vilikuwa vya inchi, kwa mfano 18 kwa 24. Vikitoka sawasawa kwa sentimita, tahadhari. Kwenye ukingo wa chini huenda ukakuta kwa herufi ndogo jina la kiwanda, kama vile Chromo cha Wolverhampton, Patent Enamel cha Birmingham, au Bruton cha Palmers Green. Kukosekana kwa jina hakuthibitishi chochote, na kuwepo kwake pia hakutoshi, kwa sababu waigaji nao wanajua kusoma.

Hilo la Castrol, kwa maelezo yako ya ukingo uliokunjwa na matundu yaliyobanduka, linanipa matumaini. La Shell nenda nalo polepole.

BintiWaSpea alijibu:

Nimekulia nyuma ya kaunta kama ya mjomba wako, kwa hiyo nitashikilia suala la umri, ambalo fundi amelipita juu juu.

Majina ya kampuni yenyewe hukufungia mlango wa miaka. Kampuni ya C. C. Wakefield ilianzishwa London mwaka wa 1899, ikaanza kuuza mafuta kwa jina la Castrol mwaka wa 1909, kisha mwaka wa 1960 kampuni yenyewe ikachukua jina la Castrol. Bango lenye neno Wakefield, kama ni halisi, lilichorwa kabla ya badiliko hilo, ingawa laweza kuwa lilining'inia ukutani miaka mingi baadaye, kwa kuwa hakuna mwenye duka aliyeshusha bango zima eti kwa sababu wakubwa wa London wamebadilisha jina. Datsun nayo ina mpaka wake: Nissan ilitangaza mwaka wa 1981 kwamba itaacha kuuza magari nje kwa jina hilo, na kufikia mwaka wa 1986 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Jina lilifufuliwa kwa nchi chache mwaka wa 2013, lakini sanduku la taa la Kirinyaga Road haliwezi kuwa la wakati huo.

Ukitaka kujua kwa nini neno Datsun lilistahili kuwashiwa taa usiku katika mji huu, tazama orodha ya washindi wa Safari. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 1600 SSS, mwaka uliofuata akashinda tena kwa 240Z, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, kabla ya kuja kushinda miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Peugeot ilikuwa na hadithi yake kabla ya hapo, kwa kuwa 404 ilishinda mwaka wa 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Kila ushindi uliwapa wauzaji wa magari sababu ya kuchapisha mabango mapya. Hivyo hilo bango lako la karatasi litazame vizuri: ni gari gani, na mashindano yameitwaje? Yalianza mwaka wa 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kuanzia 1960 yakawa East African Safari, na tangu 1975 yakaitwa Safari Rally. Jina tu laweza kukuondolea miaka kumi ya kubahatisha.

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni anwani ya muuzaji, ile iliyoandikwa chini kabisa ambayo wengi huikata ili karatasi iingie kwenye fremu. Ukisoma Delamere Avenue, uko katika enzi ya ukoloni au mara tu baada yake, kwa kuwa ndiyo Kenyatta Avenue ya leo. Hardinge Street ndiyo Kimathi Street. Victoria Street ilipewa jina la Tom Mboya baada ya kuuawa kwake mwaka wa 1969, na Government Road haikuwa Moi Avenue kabla ya Moi kushika urais mwaka wa 1978. Ikiwa tangazo linataja tawi la Dar es Salaam na kuandika Tanganyika, halikuchapishwa baada ya 1964 ila kwa uzembe wa mchapaji. "Kenya Colony" inakurudisha kati ya 1920 na 1963. Kalenda hazihitaji hata hesabu hizo, maana zimejitaja mwaka zenyewe, na mara nyingi zimebeba anwani na nambari ya simu ya duka. Ziweke karibu na mabango ukilinganisha.

Kuhusu lile jina lililofunikwa kwenye sanduku la Datsun, usiliguse mpaka uongee na mjomba. Huenda ndilo la thamani kuliko neno Datsun. Masanduku ya Datsun yalitengenezwa mengi na kugawiwa nchi nyingi. Lenye jina la duka la Grogan Road, lililoandikwa na mchoraji wa mabango wa mtaani, ni moja tu.

MpitaNjiaNgara alijibu:

Mnamchosha kijana kwa historia. Wazungu wananunua vitu hivi mtandaoni kwa dola. Lipige picha, litangaze, likipata mteja lipeleke. Mwenye mkahawa akitaka rangi mpya, mpe rangi mpya, pesa ni zake.

KaratasiNaWino alijibu:

Pesa ni zake, ndugu yangu, lakini bango ni la mwenzetu mpaka atakapoliuza, na hapo ndipo penye swali lake.

Nianze na hili la kuuza nje, kwa sababu watu huogopa bure au hujiamini bure. Sheria ya mwaka wa 2006 ya makumbusho na turathi za taifa huhesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Mabango ya magari hayafiki huko, kwa kuwa mwaka huo hata reli ilikuwa haijaanza kujengwa Mombasa. Kwa hiyo kwa upande huo uko huru. Kinachoweza kukutia matatani ni sheria ya vyuma chakavu ya mwaka wa 2015, inayomtaka kila anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Mnakumbuka kwamba Januari 2022 Serikali ilisimamisha kabisa biashara hiyo baada ya miundombinu ya umeme kuharibiwa, na katazo hilo halikuondolewa hadi Mei. Tangu hapo afisa akikukuta na mabamba ya chuma ya zamani nyuma ya pikapu ana haki ya kuuliza yametoka wapi. Mwombe mjomba akuandikie barua fupi, iliyotiwa sahihi na tarehe, inayotaja kila kitu alichokupa. Tena alama za barabarani na mbao za reli usiziguse hata ukiuziwa kwa bei ya andazi, maana hizo ni mali ya umma.

Barua hiyo ina faida ya pili ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Mkusanyaji makini hununua bango pamoja na habari za mahali lilipotundikwa. Kabla hujalishusha lolote, lipige picha likiwa ukutani au pale stoo lilipoegemezwa, uso, mgongo, matundu na misumari. Muulize mjomba nani alimletea, lilining'inia upande gani wa mlango, na liliteremshwa kwa nini. Andika majibu siku hiyohiyo. Siku ukihitaji uthibitisho zaidi, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue na Maktaba ya McMillan katika Banda Street ndiko ningeanzia kutafuta magazeti na karatasi za biashara za miaka hiyo.

Sasa kuhusu huyo mwenye mkahawa. Mimi ningemkatalia. Enameli haipakwi rangi upya. Kinachofanyika ni kuipaka rangi ya magari juu ya kioo, nayo hubanduka baada ya muda na kuliacha bango likiwa limepoteza uso wake wa kwanza na wa pili. Akitaka kitu kinachong'aa, atengenezewe kipya. Mafundi wa mabango wako Nairobi, na kazi hiyo itawapa riziki bila kuharibu ya zamani. Bei ya vitu hivi huamuliwa na hali yake, uhaba wake, na mahali kilipotoka. Wenzetu wa Marekani hupima hali kwa alama kuanzia 1 hadi 10, na bango lililopakwa rangi upya hushuka ngazi nyingi hata likiwa linapendeza machoni. MpitaNjia, hizo dola unazoziona mtandaoni mara nyingi ni za vitu vya alama 8 na 9, na kati yake kuna ushuru wa mnada, sanduku la mbao, na usafiri wa bamba zito la chuma. Ukiziondoa hizo, huenda mteja wa Nairobi akawa ndiye bora.

Furushi la kadibodi na karatasi ndilo linalonipa wasiwasi, maana chuma kitasubiri lakini karatasi haitasubiri. Liondoe sakafuni leo. Mchwa na unyevu wa sakafu ya saruji havina haraka lakini havilali. Usizibandike kwa selotepu wala kuzipeleka kwa mtu wa laminesheni. Plastiki ile ya moto haitoki tena bila kung'oa wino. Zilaze bapa kati ya karatasi safi zisizo na asidi, mbali na dirisha, na ukizitia fremu acha nafasi kati ya kioo na karatasi ili jasho la kioo lisizigandishe. Vifaa vya kaunta vya kadibodi vina mguu wa kukunja nyuma. Mguu huo ndio hutangulia kuvunjika, kwa hiyo usiusimamishe ili tu kupiga picha.

Niongeze jambo moja nje kidogo ya swali. Watu wanakimbilia Shell na Castrol kwa sababu wameziona kwenye mikusanyo ya ng'ambo, huku mabango ya vituo vyetu wenyewe yakiishia kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma. Vituo vya Caltex viliponunuliwa na Total mwaka wa 2009, na KenolKobil iliponunuliwa na Rubis mwaka wa 2019, mabango ya zamani yalishushwa nchi nzima. Nani aliyeweka hata moja la Kobil? Na zile mbao za gereji za jua kali zilizochorwa kwa mkono, zenye gari lenye magurudumu manne yanayoonekana yote kwa mara moja, kwangu mimi zinashinda nusu ya enameli iliyoko sokoni.

BintiWaSpea alijibu:

Nakubaliana nawe kuhusu zile mbao za gereji, ila zina shida moja: rangi yake ni ya mafuta juu ya mbao au bati jembamba, na nyingi za zamani huenda zina madini ya risasi, yenye sumu, ndani ya rangi. Mtu asizipige msasa sebuleni penye watoto. Na kwa MkaziWaDonholm, kabati la plagi usilitenganishe na rafu zake. Nimeona makabati mengi yaliyogeuzwa ya viungo jikoni, rafu zikatupwa, na pasipo zile rafu zenye vitundu vya plagi hubaki sanduku la bati tu. Ukikuta plagi ndani yake zikiwa bado kwenye vifurushi vya karatasi, ziache humo.

MkaziWaDonholm alirudi:

Nawashukuru sana nyote. Nimerudi Gikomba na kioo cha kukuzia. Matundu ya lile bango la Shell yana chuma kitupu, mgongo umepulizwa rangi ya kijivu, na ndani ya ile manjano kuna nukta kama alivyoeleza fundi. Mchuuzi amenipunguzia bei papo hapo bila kuulizwa, nami nimemuaga kwa heshima.

Mjomba ameeleza kwamba jina la chini kwenye sanduku la Datsun ni la Mhindi aliyekuwa na duka hilo kabla yake. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 ilipowabana wafanyabiashara wasio raia, mzee huyo aliendelea kwa miaka michache na leseni ya kubahatisha, kisha akamuuzia mjomba, ambaye alikuwa karani wake, duka pamoja na kila kilichokuwa ukutani. Sanduku lilikuwa limeletwa muda mfupi kabla ya hapo. Bango la Castrol mjomba alilikuta, na hata yule mzee alisema alilikuta. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemlipa mchoraji aliyeandika jina jipya juu ya la zamani.

Mwenye mkahawa nimemjibu kwamba siuzi kwa sharti la rangi. Sasa naomba mnieleze namna ya kuvisafisha bila kufuta lolote kati ya majina hayo mawili, na kama naweza kuchomeka sanduku la taa kwenye umeme nione linavyowaka.

FundiWaLusakaRoad alijibu:

Usilichomeke. Nitarudi huko.

Bango la Castrol lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo na kitambaa cha pamba. Usitumie waya wa kusugulia sufuria wala unga wa kusugulia, na kamwe usitumie siki, ndimu au dawa ya kuondoa kutu juu ya enameli, kwa sababu asidi hula kioo na kukiacha kikiwa na ukungu ambao hakuna polishi itakayouondoa. Maji yasikae ndani ya majeraha. Likaushe mara moja na uliweke juani kwa muda mfupi, si mchana kutwa, maana chuma na kioo havitanuki kwa kiasi kimoja. Kutu inayotoka yenyewe iondoe kwa kijiti cha mianzi, kisha pitisha nta safi isiyo na rangi juu ya majeraha ili hewa isiingie. Ile kona iliyopinda iache ilivyo. Kila anayejaribu kuinyoosha husikia mlio mdogo, na mlio huo ni enameli ikiruka vipande vipande kutoka pande zote mbili.

Uso wa Datsun ni habari tofauti kabisa. Plastiki ya akriliki haivumilii thina, petroli, wala spiriti. Ikiguswa na vitu hivyo hutoka nyufa nyembamba kama nywele, wakati mwingine siku kadhaa baadaye. Na rangi ya brashi juu ya plastiki imeshika kwa shida tangu mwanzo. Tumia maji na kitambaa kilicholainishwa, ukigusa bila kusugua, na pale jina lilipoandikwa ufute vumbi tu kwa brashi laini ya mchoraji. Ukitaka kusoma jina la chini, funga mapazia, weka tochi pembeni kabisa ya uso ili mwanga upite ukilala, na upige picha. Miinuko ya brashi ya kwanza itajitokeza. Piga kadhaa, ukizungusha tochi pande zote, kwa maana herufi nyingine huonekana kutoka kushoto tu na nyingine kutoka chini.

Sasa umeme. Masanduku ya miaka hiyo yana mirija ya mwanga, stata, na kile kifaa kizito ambacho mafundi hukiita choki, na mara nyingi kapasita pembeni. Kapasita za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 huenda zina mafuta ya PCB, ambayo ni sumu. Ukiona kitu kinachonata kimevuja, vaa glavu, usikiguse kwa mkono mtupu, na usikitoboe wala kukichoma. Waya zenyewe zina maganda ya mpira yaliyokauka ambayo hupasuka ukizikunja, na sanduku la chuma mara nyingi halikuunganishwa na waya wa ardhi. Kwa volti 240, kulichomeka ili kuona tu ni kuweka uhai wako mikononi mwa mpira wa miaka hamsini.

Mtafute fundi wa umeme akutolee vifaa vyote vya ndani vikiwa vizima, avipige picha mahali vilipokaa, na uviweke kwenye katoni yenye maandishi, isipokuwa kapasita ikiwa imevuja, ambayo ifungiwe peke yake mbali na nyumba hadi upate mahali panapopokea taka za sumu. Badala yake aweke ukanda wa taa za LED za volti 12, transfoma yake ikae nje ya sanduku. Zitoe mwanga wa wastani na ziwe umbali wa vidole vinne au zaidi kutoka kwenye plastiki, ili uso uangaze sawasawa bila kuonyesha mistari. Asitoboe tundu lolote jipya kwenye bati. Yale ya zamani yatamtosha kupitisha waya. Na usilitundike penye jua la mchana, kwa sababu nyeupe ya plastiki hiyo tayari imeanza kugeuka manjano, na rangi ya yule mchoraji wa mjomba wako itafifia mapema kuliko neno Datsun.